Sensa ya taifa: ni nani anayechagua maswali, na kwa nini tuulizwe asili yetu?

MwanaKatuba

Wandugu, nawasalimu. Juma hili shefu (kiongozi) wa avenyu (mtaa) yetu anapita lupango kwa lupango, yaani kiwanja kwa kiwanja chenye nyumba, na daftari kubwa alilolichora mistari kwa kalamu na rula. Anaandika jina la mwenye lupango, majina ya wapangaji, idadi ya watoto, kazi ya kila mtu mzima, na katika safu ya mwisho anaandika jimbo, teritwari (eneo la utawala ndani ya jimbo) na kabila la asili. Kijana mmoja anayepanga nyumba ya nyuma, aliyezaliwa hapa Lubumbashi na ambaye hajawahi kuiona Kasai, asili ya familia yake, kwa macho yake, alijibu kila kitu isipokuwa safu hiyo ya mwisho, na hapo ndipo mabishano yalipozuka. Jirani mmoja alisema kwamba hii ndiyo sensa ya taifa iliyotangazwa kwa miaka mingi, na kwamba anayekataa kujibu anavunja sheria. Jirani wa pili alisema kwamba sensa ya kweli haiandikwi katika daftari la mtu mmoja.

Naomba mwenye ujuzi anifafanulie. Sensa ya taifa hufanywa namna gani hasa, na inatofautiana vipi na hesabu ya shefu? Tena, ni nani wanaoketi na kuamua kwamba swali hili liulizwe na lile liachwe? Nauliza kwa sababu kila mtu ana hofu yake. Mwenye lupango anaogopa kodi, mpangaji anaogopa kuondolewa, na wengi wetu tunakumbuka mambo ya 1992 na 1993 katika jimbo hili, wakati swali la asili ya mtu lilipofanya watu wenye asili ya Kasai wafukuzwe na kujazana katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kwenda Kasai.

Mtakwimu_Golf

Ndugu MwanaKatuba, jirani yako wa pili ndiye aliyesema kweli. Daftari la shefu ni hesabu ya kiutawala: kartie (sehemu ya komini) inataka kujua nani anakaa wapi, na takwimu hizo hupanda kutoka avenyu hadi kartie, kisha komini, kisha kwa meya. Hesabu hiyo haina siku moja ya rejeo, yaani siku ambayo majibu yote yanaihusu, na hakuna mtu mwingine anayerudi kuihakiki. Mtoto aliyezaliwa shefu akishapita hayumo, na mpangaji aliyehama komini ya Kampemba kwenda Ruashi anaweza kuandikwa kote kuwili, au asiandikwe popote.

Sensa ya kitakwimu tumeifanya mara moja tu tangu uhuru. Siku yake ya rejeo ilikuwa tarehe 1 Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire na jimbo letu likiitwa Shaba, na ilikuta watu takriban milioni 30. Hesabu ya 1970 ilikuwa ya kiutawala, kama hiyo ya shefu wako ila kwa ukubwa wa nchi. Kwa hiyo kila idadi ya Wakongo unayoisikia redioni leo ni makadirio, na makadirio hayo yanategemea sana kiwango cha ongezeko ambacho mtu amekichagua. Jaribu mwenyewe kwa simu yako: ukianza na milioni 30 na kuongeza asilimia 2.5 kila mwaka kwa miaka 40, utapata karibu milioni 81. Ukiongeza asilimia 3 utapata karibu milioni 98. Ukiongeza asilimia 3.5 utafika karibu milioni 119. Nusu asilimia, ambayo ni ndogo kiasi kwamba uchunguzi wa sampuli (wa kaya chache zilizochaguliwa) unaweza kuikosa, inazaa au kufuta Wakongo wapatao milioni 20. Zaidi ya hayo, majedwali ya 1984 yamepangwa kwa nchi ambayo haipo tena, kwa kuwa Kivu ilikuwa jimbo moja, na Shaba ilikuwa haijagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, jambo lililokuja kufanyika 2015.

Umoja wa Mataifa huitambua sensa kwa sifa kadhaa, na nne kati yake ni hizi. Kila mtu ahesabiwe peke yake, si kwa kukisia kwamba nyumba hii ina watu sita. Eneo lote la nchi lifikiwe. Majibu yote yarejee wakati mmoja. Na zoezi lirudiwe kwa vipindi vinavyojulikana, kwa kawaida kila miaka 10. Sifa ya nne imetushinda kwa miongo kadhaa. Ya pili nayo ni ngumu, maana hata kazi nyepesi zaidi ya kuandikisha wapiga kura kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023 haikuweza kufanyika ipasavyo Masisi, Rutshuru na Kwamouth kwa sababu ya vita na vurugu.

Kazi kubwa hufanyika kabla karani hajabisha hodi kwa mtu yeyote, na kazi hiyo ni ramani. Nchi nzima hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya kaya 100 hadi 200 hivi, ili karani mmoja aweze kumaliza kipande chake katika siku alizopewa. Mipaka ya kipande lazima ionekane kwa macho, yaani barabara, mtaro, reli au ukuta wa shule, kwa sababu makarani wawili wasiojua mpaka uko wapi watazihesabu nyumba za katikati mara mbili, au kila mmoja atamwachia mwenzake. Katuba na Kamalondo, ambako avenyu zimenyooka, kazi hiyo ni nyepesi kiasi. Nenda pembezoni mwa komini ya Annexe, ambako nyumba mpya huota kila kiangazi na malupango hayana namba, uone jinsi ramani ya mwaka jana isivyofaa mwaka huu. Siku hizi picha za satelaiti husaidia sana, ila picha huonyesha paa tu. Haikuambii kama chini yake kuna kaya moja au nne.

MamaBiashara_Ruashi

Papa Mtakwimu, nakushukuru kwa maelezo. Mimi nimewahi kuhesabiwa, lakini si kwetu. Tarehe 23 Agosti 2022 nilikuwa Dar es Salaam nikifuatilia mzigo bandarini, na makarani wa sensa yao walifika katika gesti niliyolala. Nilimwambia karani, binti aliyeshika kishikwambi, kwamba mimi ni Mkongo na kwamba angenipita tu. Alinijibu kwa adabu kwamba awe Mtanzania au asiwe, aliyelala nchini usiku wa kuamkia siku ile anahesabiwa. Aliniuliza machache, akaenda chumba cha pili. Wenye nyumba jirani walikaa na karani wao muda mrefu zaidi, kwa sababu dodoso la kaya lilikuwa na maswali karibu 100, hadi aina ya choo na paa. Baadaye serikali yao ilitangaza watu 61,741,120, na nikajua kwamba katika idadi hiyo nami nimo.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuniuliza kabila wala dini. Nilidhani hayo ndiyo ya kwanza.

Nina swali langu pia. Mume wangu anachimba Kolwezi na anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, mara nyingine baada ya miezi miwili. Sensa ikija kwetu, yeye atakuwa mtu wa wapi?

Mtakwimu_Golf

Mama, zipo nchi zinazomhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa, kama ulivyoona Tanzania, na zipo zinazomhesabu mahali anapoishi kwa kawaida. Katika nchi nyingi zinazotumia Kifaransa, karani huandika hali zote: mkaaji aliyepo, mkaaji asiyekuwepo na mgeni. Mumeo angeandikwa Ruashi kuwa mkaaji asiyekuwepo na Kolwezi kuwa mgeni, kisha wakati wa kujumlisha hutumika upande mmoja tu ili asiwe watu wawili. Akikaa Kolwezi kupita muda uliowekwa, mara nyingi miezi sita, anakuwa mkaaji wa kule hata kama roho yake iko Ruashi. Kumbuka pia kwamba kinachohesabiwa si lupango bali kaya, maana yake watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Lupango moja yenye wapangaji inaweza kuwa na kaya tano. Wanaolala mabweni, kambini au gerezani wana fomu yao fupi. (Karani atakayepewa Kasapa atakuwa na kazi ya pekee, kwa kuwa huko kuna chuo kikuu na gereza pia.)

Sasa nirudi kwa swali ambalo watu huliruka, la kuchagua maswali. Kwetu chombo cha takwimu ni INS (Taasisi ya Taifa ya Takwimu), na kwa kawaida chombo cha namna hiyo hukaribisha wizara, vyuo vikuu, majimbo na mashirika, na kila mmoja hufika na orodha yake. Watu wa elimu wanataka kujua darasa la mwisho la kila mtoto, watu wa afya wanataka vifo, watu wa maji wanataka umbali wa kisima, na watu wa simu nao wamo. Wote wakikubaliwa, karani atamaliza siku nzima kwenye kaya mbili. Swali moja linalochukua sekunde 10 kwa kila mtu, katika nchi ya watu milioni 100, linakula zaidi ya saa 277,000 za kazi. Hiyo ndiyo bei ya kila swali, na anayelileta lazima aeleze ni kwa nini tuilipe.

Vichujio viko kadhaa. Kilicho kikali zaidi ni hiki: je, jibu linahitajika hadi ngazi ya kartie na kijiji? Kama jimbo tu linatosha, swali hupelekwa kwenye uchunguzi wa sampuli, ambao ni nafuu na ambao karani wake amefundishwa kwa muda mrefu zaidi. Kichujio kingine ni kama mtu mmoja wa kaya anaweza kujibu kwa niaba ya wenzake. Mke anajua mumewe alisoma hadi darasa gani, lakini hajui kila mara anapata pesa ngapi, na hata akijua hatasema. Ndiyo maana sensa nyingi haziulizi mapato bali huuliza paa la bati au nyasi, sakafu ya udongo au saruji, umeme, na maji yanatoka wapi. Majibu hayo karani anayaona mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti alichopewa.

Yapo maswali yanayoonekana ya ajabu, ambayo kwa kweli yana thamani kubwa. Mama huulizwa ni watoto wake wangapi waliozaliwa wakiwa hai, na ni wangapi wanaoishi hadi leo. Katika nchi ambako vifo vingi haviandikwi popote, tofauti ya majibu hayo mawili, ikipangwa kwa umri wa mama, inawawezesha wataalamu kukadiria vifo vya watoto wadogo hadi wilayani. Lakini ukimuuliza jumla tu, atawasahau au atawaficha waliofariki baada ya siku chache. Kwa hiyo swali hupasuliwa: wavulana unaoishi nao, wasichana unaoishi nao, wanaoishi kwingine, kisha waliofariki. Vilevile kwa ulemavu: badala ya kuuliza kama nyumbani kuna mlemavu, jambo ambalo familia nyingi hulikana, huulizwa maswali sita kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na mtu huchagua kiwango cha ugumu. Babu asiyeona vizuri, ambaye hakuna aliyemwita mlemavu, anaonekana kwenye takwimu kwa njia hiyo.

Orodha ikishakubaliwa hujaribiwa uwanjani kwa sensa ndogo ya majaribio, na hapo maswali mengine hufa. Afadhali yafe kwenye kaya elfu chache kuliko kuaibika mbele ya nchi nzima.

Mzee_Kamalondo

Wanangu, mmesahau swali linalodhaniwa kuwa jepesi kuliko yote, nalo ni la umri. Waulizeni wazee wa rika langu, wengi watawajibu miaka 60, 65 au 70, mara chache sana 63 au 68. Ukichora takwimu hizo, utaona vilima kwenye kila umri unaoishia na sifuri au tano, na mashimo katikati. Karani aliyefundishwa vizuri hamwachi mzee akisie. Anafungua kalenda ya matukio ya mahali hapo na kumuuliza: mwaka mji ulipoacha kuitwa Élisabethville, 1966, ulikuwa umeanza shule? Wakati wa Zairianisation, serikali ilipotwaa biashara za wageni, 1973, ulikuwa umeoa? Vita vya siku 80 hapa Shaba, 1977, vilikukuta na watoto wangapi? Kwa dada yangu mkubwa, ambaye hati yake ya kuzaliwa ilipotea zamani, tuliutafuta mwaka wake kwa njia hiyo, kuanzia kujitenga kwa Katanga mwezi wa Julai 1960, wakati alipokuwa akibebwa mgongoni. Kalenda kama hiyo haiwezi kuandikwa Kinshasa kwa ajili ya nchi nzima, kwa kuwa mtu wa Kisangani atataja mambo mengine kabisa. Kila jimbo liandike yake.

Sheria_Kampemba

Shikamoo Mzee. Nataka kurudi kwenye safu ya mwisho ya daftari la shefu, kwa kuwa Mama wa Ruashi ameigusa na wengine wameipita. Hakuna kanuni ya kimataifa inayoilazimisha nchi kuuliza kabila katika sensa. Umoja wa Mataifa huliacha suala hilo kwa kila nchi, na kusisitiza kwamba likiulizwa, mtu ajitaje mwenyewe na wala asitajwe na karani. Nchi nyingine za Afrika zimekata shauri kila moja kwa njia yake. Rwanda, ambako kabila liliandikwa katika kitambulisho na kitambulisho hicho kikatumika kuua watu mwaka 1994, haiulizi. Nigeria iliacha kuuliza kabila na dini katika sensa ya 2006. Kenya iliuliza mwaka 2019, na matokeo yakachapishwa kwa kila jamii.

Kwa Haut-Katanga, maoni yangu ni kwamba swali hilo lisiulizwe. Serikali inayotaka kujua uhamaji ina maswali bora zaidi: ulizaliwa wapi, ulikuwa unaishi wapi miaka mitano iliyopita, umekaa hapa tangu lini. Majibu hayo yanamsaidia anayepanga shule na maji. Asili ya babu ya mpangaji haimsaidii mtu huyo hata kidogo, ila inamsaidia sana mwanasiasa anayetaka kujua ni kartie gani ya kuchochea.

MwanaMoba

Ndugu Sheria, hofu yako naielewa, lakini sikubaliani nawe moja kwa moja. Mimi natoka jimbo la Tanganyika, ambako Watwa, yaani Wambilikimo, na Waluba wamepigana kwa miaka na vijiji vimechomwa pande zote mbili. Mwezi wa Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Wambilikimo ambao ni watu wa asili. Sheria hiyo inazungumzia shule, afya na ardhi yao. Sasa niambie, atakayekuja baada ya miaka 10 kuuliza kama watoto wa Kitwa wanasoma zaidi kuliko zamani atalinganisha nini na nini, ikiwa hakuna mahali popote walipohesabiwa? Kutotajwa nako kuna gharama, na wanaoilipa ni wale wasio na mbunge.

Labda suluhisho ni uchunguzi maalumu wa sampuli katika maeneo yao, uliokubaliwa na wao wenyewe. Hapo nadhani tunaweza kukutana.

MwanaKatuba

Nawashukuru wote. Papa Mtakwimu, bado jambo moja linanisumbua. Hapa kwetu tunasikia kwamba sensa itaunganishwa na kutoa vitambulisho. Je, hilo ni jema? Na tutajuaje kwamba idadi itakayotangazwa haikupikwa?

Mtakwimu_Golf

Kuhusu vitambulisho, mimi binafsi sipendi muungano huo, ingawa naelewa kwamba kupita mara mbili katika nchi kubwa kama hii ni gharama. ONIP, ofisi ya taifa ya utambulisho wa watu iliyoundwa 2011, ina kazi ya kumtambua kila mtu kwa jina na alama za vidole, na taarifa hizo lazima zibaki na jina lake maisha yote. Sensa inahitaji jina lako kwa muda tu, ili karani asikuhesabu mara mbili na msimamizi aweze kurudi akiona kosa. Baada ya hapo jina huondolewa na unabaki mwanamume wa miaka 34, fundi seremala, wa kipande fulani. Kanuni za msingi za takwimu rasmi, zilizokubaliwa Umoja wa Mataifa mwaka 1994, zinataka taarifa za mtu binafsi ziwe siri na zitumike kwa takwimu peke yake. Karani mmoja akibeba kazi zote mbili kwa kifaa kimoja, mwenye lupango hatatofautisha, na atamficha mpangaji wake. Ujerumani Magharibi ilijifunza hivyo mwaka 1983: Mahakama yake ya Katiba iliisimamisha sensa kwa sababu, pamoja na mengine, sheria iliruhusu majibu yatumike kusahihisha daftari za wakaaji za manispaa. Sheria iliandikwa upya, na sensa ikafanyika 1987.

Kuhusu kupikwa, hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa idadi ya watu huleta pesa na madaraka. Hata leo viti vya Bunge la Taifa hugawanywa kwa kufuata idadi ya wapiga kura walioandikishwa, jambo ambalo linamfanya kila kiongozi atamani eneo lake lionekane kubwa. Kinga iliyopo ni uchunguzi wa baada ya sensa, ambao Kenya, Rwanda na Tanzania zimeufanya. Vipande kadhaa huchaguliwa kwa bahati nasibu, makarani wengine wasioona fomu za kwanza huhesabu upya, kisha majina hulinganishwa mtu kwa mtu. Kama kati ya watu 1,000 waliopatikana mara ya pili, 950 walikuwa wameandikwa mara ya kwanza, basi sensa iliwafikia asilimia 95, na kiwango hicho huchapishwa kwa mjini na vijijini, kwa wanaume na wanawake, na kwa kila rika. Ukiona vijana wa kiume wamekosekana sana mjini, hilo ni la kawaida duniani. Ukiona jimbo moja limezidi bila sababu, unajua pa kuanzia kuuliza. Sharti lake ni kwamba ufanyike mapema, kabla watu hawajatawanyika, na kwa mji kama wetu, ambako wapangaji huhama kila mwisho wa mwezi, kusubiri miezi mitatu kutamfanya karani wa pili akute watu wapya kabisa katika nyumba zilezile.